Pembe ya Mzee Singo kwenye Albamu ya Kokoto

Kazi yangu ya muziki niliianza kwa ujinga, na ujinga wenyewe ni huu: nilisubiri Mzee Singo aende kunywa uji, nikaingia kibandani kwake, nikachukua pembe yake, nikapanda juu ya ukuta wa ndiva na kupiga mlio wa hatari. Jua lilikuwa linawaka. Ndiva ilikuwa na maji ya kufika magotini na vyura wanaoota jua. Hatari pekee mahali pale ilikuwa mimi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mliorithi ngoma na spika za bendi yetu ya Kokoto, kwa sababu kila mkikutana nami njiani mnauliza ile albamu tuliitengenezaje. Mimi nimestaafu. Najua bado navaa sare ya shule, na mwalimu wa nidhamu akiliona neno hilo atataka kujua kama nimestaafu na kufagia pia. Lakini kustaafu si mvi. Punda wa Kihurio akivunjika mguu kwenye majaruba ya mpunga anastaafu siku hiyo hiyo, na hakuna anayemuuliza umri.

Mambo ya nani alipata nini nayaruka. Wastaafu wote niliowahi kuwasikiliza wanayaruka, na zamani nilidhani ni unyenyekevu.

Wengine wenu mmehamia juzi kutoka bondeni, kwa hiyo nianze na ndiva. Ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee walilijenga kwenye mteremko juu ya kitongoji chetu, huku milimani Vudee. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi mlinzi anayafungulia, na kila nyumba inamwagilia kwa zamu yake. Mlinzi, enzi zetu Mzee Singo, ana pembe. Akipiga mlio mmoja mrefu ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, kazi ya wote, hakuna kulipana. Akipiga milio mifupi mifupi isiyopumzika, ukuta unataka kupasuka: acha ulichoshika, kimbia. Upande wa kushoto wa ukuta kuna tundu la kupunguzia maji, limezibwa kwa jiwe ambalo mtu mmoja haliwezi, hata awe na kifua kama mlango wa kanisa. Liliwekwa zito makusudi. Wazee hawakutaka mtu mmoja aliyeamka na hasira zake awe na uwezo wa kuyaachia maji ya watu wote. Kwa hiyo ndiva ikizidiwa, lazima watu wasikie pembe na waje. Hakuna njia nyingine.

Sasa kwa nini niliipiga? Kwa sababu wimbo wetu ulikuwa hauna mwanzo. Namkunda, aliyekuwa anapiga gitaa na kuimba, alilalamika hivyo kila siku. Gitaa lenyewe ni la umeme, la kwaya ya vijana kanisani, na kwaya walikuwa wanaliogopa kwa sababu ukilichomeka linanguruma kabla hujaligusa. Namkunda hakuliogopa. Elia alikuwa anapiga besi na kufufua spika zilizokufa. Mimi nilipiga ngoma. Moja ilikuwa ya kwaya, zilizobaki ni vipande vya bati nilivyovitoa kwenye paa la jiko letu, ndiyo maana naitwa Bati na ndiyo maana jiko letu linavuja. Tulikuwa tunapiga roki. Mwinjilisti alipotuuliza roki ni nini, Elia alimjibu kuwa ni pambio lililokasirika.

Siku ile Elia alijificha chini kidogo kwenye njia, simu yake akaitia ndani ya kikombe cha plastiki kuzuia upepo. Nikapiga. Nilitegemea watu wachache waje, wafoke, waondoke. Wakaja wote. Mnaisikia kwenye albamu: miguu kwenye mawe, majembe yanagongana, mama mmoja anauliza, "Upande gani? Upande gani jamani?" Halafu kimya, kwa sababu wameyaona yale maji ya magotini. Halafu Mzee Singo, uji bado kwenye ndevu:

"Nani kaipuliza?"

"Mimi, Babu."

"Shuka."

Huo ndio mwanzo wa albamu, ule ambao watu wa mjini wanasema umetengenezwa na kompyuta. Hawajawahi kuona bibi mzima anavyopanda mlima na kiroba cha mchanga kichwani.

Tuliitwa kikaoni tukapewa adhabu: likizo nzima kubeba mawe na kokoto kuimarisha ukuta. Jina la bendi tulilipata huko. Mzee Singo alikuwa anakaa juu ya ukuta kutusimamia, na siku moja akaomba asikilize tulichorekodi. Elia akampa simu kwa mikono miwili kama anampa sadaka. Mzee akasikiliza, akanigeukia.

"Unapuliza kama unapooza uji," akasema. "Pembe haipulizwi. Inatemewa. Bana midomo kama unataka kutema ganda la mbegu."

"Babu, leo nina malengelenge."

"Ya mikono. Midomo ni mizima. Piga."

Nilipiga mpaka mbuzi wakahama. Nataka mjue kwamba hakuwa mzee wa kutoa hekima. Alikuwa mzee wa kutoa kasoro. Kila nilichofanya kilikuwa na kasoro, na akimaliza kuitaja anachukua pembe aonyeshe, na ukimsifu anajifanya anakohoa. Alipenda kusifiwa kuliko mtu yeyote niliyemjua, ukinitoa mimi. Ndiyo maana tulielewana.

Tulipoamua kurekodi albamu nzima, tulikwenda kwa Kaka Shabani mjini Same. Ana duka la vifaa vya simu si mbali na stendi, na chumba cha nyuma amekipigilia magodoro ukutani. Hiyo ndiyo studio. Siku ya kwanza tulishindwa kabisa. Feni inazimwa kwa sababu inaingia kwenye sauti, na joto la Same mnalijua. Ngozi ya ngoma iliyowambwa kwenye ubaridi wa mlimani ikifika kule inakauka na kukaza, inalia kama sahani ya bati. Ifuteni kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanza, msingoje prodyuza awatazame. Kipaza sauti kikikosa kofia, soksi inafaa. Soksi safi. Na msile makande kabla ya kuimba. Namkunda alipanda noti moja ya juu, maharage yakamfuata, na Shabani akasema hiyo nayo tuiache ni nzuri.

Mzee Singo tulimshusha kwa bodaboda, amevaa koti la harusi yake, pembe mgongoni imefungwa na kitenge cha mkewe. Shabani alimpokea kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Chumba chako kinanuka godoro."

Akapiga ule mlio mrefu wa msaragambo. Shabani akasikiliza, akakuna kidevu. Akasema ni mzuri ila umelala, hauchezeki, hivi hakuna mwingine? Namkunda akasema upo, ule mfupi mfupi, ule ndio wenye mdundo. Mzee Singo akaishusha pembe.

"Huo haupigwi bure."

"Babu, hapa ni Same," Namkunda akasema. "Hapa hakuna ndiva. Nani atakimbia?"

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Elia aliangalia chini. Mimi nilisema, kwa sababu nilikuwa siwezi kunyamaza, "Labda Kaka Shabani akimbie, magodoro yake yanadaiwa." Wakacheka wote, na mzee akacheka, akaipandisha pembe na kuipiga. Shabani alipomrudishia asikie kwenye spika, Mzee Singo alisimama amefumba macho mpaka mwisho.

"Rudisha," akasema. Shabani akarudisha. "Rudisha tena."

Miaka yote aliyoipiga alikuwa hajawahi kujisikia kutoka mbali, kama wanavyosikia wengine. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo.

Albamu ilitoka wakati watu wetu wa mijini wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Mnajua milima inavyojaa wakati huo. Kila nyumba ina gari mlangoni na shangazi asiyekula ugali. Waliisikia kanisani, kwenye vipaimara, kwenye harusi, wakaihamisha simu kwa simu, na walipoondoka wakaondoka nayo. Shabani aliipandisha mtandaoni. Kabla shule hazijafunguliwa ilikuwa inapigwa kwenye mabasi ya barabara kuu. Madereva wakaanza kuigiza ule mdundo kwa honi. Tulialikwa Kifaru, tukaalikwa Mwanga, Kihurio walituita kwenye mavuno na tukapiga watu wakiwa na matope ya majaruba miguuni. Popote tulipopiga, watu hawakuwa wanamngoja Namkunda wala besi ya Elia. Walikuwa wanamngoja mzee mwenye pembe. Mtu mmoja alimpa miwani ya jua, na tangu hapo hakuivua, hata kanisani, mpaka mchungaji akamuuliza kama anaumwa macho.

Nyumbani ilikuwa hivi. Mara ya kwanza wimbo ulipopigwa kwenye spika dukani, bibi zetu waliinuka na kushika majembe. Wakacheka wenyewe. Mara ya pili waliinuka nusu. Baadaye wakawa wanageuza shingo tu. Mwishoni hata shingo hazikugeuka. Watoto waliupiga kwa chupa za soda. Mama yangu aliuweka kwenye simu yake, akipigiwa na mdogo wake unalia mfukoni mwa kitenge. Na asubuhi, watu waliokuja kwenye zamu ya maji wakawa wanamwambia mlinzi, "Mzee, tupigie ile ya albamu bwana," na Mzee Singo anavaa miwani, anapiga, wanashangilia, halafu anafungulia maji.

Darasani mwalimu alitupa methali tuimalizie: ikilia mbiu ya mgambo. Nikanyoosha mkono nikasema, "Kokoto wako mjini." Darasa zima lilivunjika mbavu. Niliona nimesema jambo la akili sana.

Elia peke yake alisema kitu. Tulikuwa tunafunga vyombo, akauliza, taratibu, siku ukuta ukizidiwa kweli mzee atapiga mlio gani. Namkunda akamwambia watu si wajinga, watajua. Nikaongeza kwamba siku hiyo tutampa kipaza sauti. Elia akaendelea kukunja waya.

Masika yalikuja na hasira. Ilinyesha mpaka njia ya kwenda shule ikawa kijito kilichokosea njia. Mchana mmoja, Jumamosi, mvua ikawa imepumzika kidogo, nasi tulikuwa kwenye ghala la mahindi la baba yake Elia tunajaribu nyimbo za albamu ya pili. Hazikuwa nyimbo nzuri. Shabani alikuwa ametuambia tutoe kitu kama kile cha kwanza, na mtu akikuagiza kitu kama kile cha kwanza, unakaa na vijiti mkononi kama unasubiri kuku atage.

Pembe ikalia. Mifupi mifupi.

"Babu leo ana mzuka," Namkunda akasema, akaacha gitaa.

Ulikuwa mpigo ambao hatujawahi kuusikia kwake, mkali, hauna madoido, na hewa ya mvua iliubeba vizuri mno. Nikatoa simu nikaenda mlangoni, nikairekodi. Kila baada ya muda alikuwa anaacha kupiga, anapaza sauti, maneno hayatufikii, halafu anapiga tena. Elia alikuja akasimama nyuma yangu.

"Twende tukaangalie," akasema.

Nikamwambia, "Tukienda tutaharibu rekodi. Ngoja amalize."

Sauti yangu hiyo imo kwenye rekodi. Inasikika vizuri kuliko kitu chochote.

Alipiga kwa muda mrefu. Halafu akaacha, nami nikasema safi sana, nikabonyeza kuzima. Tulikuwa tumesharudi kwenye vyombo tuliposikia kitu kama lori linapindua mzigo wa mawe, ila halikuisha kupindua. Ndipo tukakimbia. Kila mtu ndipo alipokimbia. Njia nzima ilikuwa na watu wenye majembe, wengi kuliko siku ile yangu, wote tunapanda na maji yanatupita pembeni yanashuka na migomba, na banda la kuku, na mbuzi wa watu wakiwa bado wamefungwa kamba.

Ukuta ulifunguka katikati. Upande wa kushoto ulibaki, na jiwe la tundu lilibaki pale pale lilipowekwa na wazee, limechubuka pembeni. Chini yake palikuwa na mpini wa jembe umevunjika vipande viwili. Alijaribu kulinyanyua kwa mpini. Mwenyewe tulimpata chini, kwenye mahindi ya kina Elia, na baba yake Elia alivua koti akamfunika kabla sisi watoto hatujafika karibu. Nilifika karibu.

Hakufa mtu mwingine. Watu walilirudia hilo msibani kama vile ni habari njema, na labda ni kweli.

Nilingoja tuitwe kikaoni. Nilijua nitasimama wapi na nitaweka wapi mikono. Hatukuitwa. Mwenyekiti alipita karibu yangu kaburini akanigusa bega. Hakuna mtu aliyeweza kutusema, kwa sababu kila mtu alikuwa na wimbo kwenye simu yake, na kila mtu siku ile alikuwa mahali fulani, mkavu, ameusikia. Ningefurahi sana kupewa mawe nibebe.

Wiki ya msiba haijaisha Shabani akapiga. Alilia kwenye simu, alilia kweli, sitaki mumfikirie vibaya. Akaniambia mji unaomboleza kwa albamu yetu, inapigwa kila duka kule chini. Halafu akauliza:

"Bati, mdogo wangu. Hivi hakuna kipande kingine cha mzee? Hata kidogo tu. Watu wanauliza."

"Hakuna," nikasema.

Namkunda alikuwa amekaa karibu, alisikia. Nilipokata simu akasema, "Kipo."

"Najua kipo."

"Unakiweka cha nini? Kama hukiuzi kifute. Kama hukifuti kipeleke kwa mwenyewe."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho sisi watatu kukaa pamoja kama bendi. Gitaa lilirudi kwa kwaya, besi Elia aliifunga kwenye gunia. Vyombo vilivyobaki ndivyo mnavyopigia ninyi.

Nilikwenda kwa mke wa Mzee Singo, Bibi Naelijwa, siku wageni walipokuwa wamekwisha ondoka. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, hata mzaha mmoja wa kuanzia, Mungu anisamehe. Yote yakapotea. Nikamwambia nina sauti ya babu ya siku ile, kama anaitaka. Akasema niiweke.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika pale anapoacha kupiga na kupaza sauti, akanishika mkono.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Mimi sikuyasikia yale maneno, nilisikia mtu anapiga kelele mbali. Lakini yeye ameishi na sauti ile tangu akiwa msichana.

"Anaita nyumba," akasema. "Anaita kwa zamu ya maji. Kina Mchome. Kina Elia. Halafu ninyi. Sikia, hapo, kwa mama Bati. Halafu anapiga. Halafu anaanza tena kina Mchome."

Ikaendelea mpaka kwenye sauti yangu. Ngoja amalize. Nilisahau kuikata, au sikusahau.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

Hakunifukuza. Aliniomba niihamishie kwenye simu ya mwanawe na kwangu niitoe, nikafanya hivyo mbele yake. Akanifungia ndizi kwenye jani nimpelekee mama. Sijui mtu anatoa wapi mkono wa kufunga ndizi wakati kama huo.

Nimewaambia yote kuhusu ngoma, joto na soksi. Pembe nyingine imenunuliwa, na mlinzi mpya ni baba yake Elia. Msimwombe aipige. Akija mtu wa studio akawaambia ina mdundo, mwambieni ni kweli inao, na mumwache aende.

Nilipofika nyumbani siku ile mama alikuwa jikoni. Nikaweka ndizi chini, nikamweleza yote, rekodi, sauti yangu, na kwamba mzee alituita kwa jina, baada ya kina Elia. Nilitaka anipige. Aliendelea kukoroga sufuria, nikadhani hajasikia, halafu akasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Mimi nilimsikia tangu mwanzo, mwanangu. Nilikuwa nachambua maharage na mama Elia. Nikamwambia, leo anapiga vizuri kuliko kwenye simu. Tukaendelea kuchambua."